Jina Nililoliandika Ubaoni

Mwenyekiti, asante kwa kunipa dakika hizi kabla ya ajenda. Wazazi wangu, wafugaji, na wenzangu wa kazi, hamjambo.

Nimekuja na karatasi. Nikiongea bila karatasi nitajihurumia, najijua. Maneno haya nimeyaandika mara sita. Zile tano za kwanza, kila nikizisoma niliona nimejipamba kidogo hapa na pale, nikazichana. Hii ya sita ina mistari iliyokatwa na doa la chai, na kwa mtu kama mimi kusimama na karatasi chafu mbele ya watu ni kazi. Lakini nimeamua nisiinakili tena.

Wengi mnanijua kwa koti. Mimi ndiye yule msichana wa koti jeupe anayesimama dirishani asubuhi mkileta maziwa. Nachota kidogo, natia kwenye jagi refu, natumbukiza laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, nasoma nambari. Kikielea juu, maziwa ni mazito, ni mazuri. Kikizama sana, maziwa ni mepesi, na sisi tunasema yametiwa maji. Nikisema "sawa", maziwa yanaenda kwa mizani. Nikisema "rudi nayo", yanarudi nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Sitataja jina la mtu mwingine hapa. Baadhi mtawajua, maana kituo chetu ni kidogo. Naomba mkiwajua msigeuze shingo kuwaangalia.

Ndugu zangu, mimi sikusomea maziwa. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa mwaka mmoja Mlolongo kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikipanga misumari kwa ukubwa, duka likafungwa, nikarudi nyumbani. Niliposikia kituo hiki kinatafuta mtu wa kupima maziwa, nilijifunza kwa simu siku tisa. Nilitazama video mpaka nikawa naota nikishika jagi. Nilinakili jedwali la vipimo kwa mkono, kwa kalamu za rangi tatu, nikalipeleka mjini likafunikwa kwa plastiki. Siku ya mahojiano meneja aliliangalia jedwali lile akasema, "Huyu ndiye mtu." Kazi nikapata.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mpaka mwezi huu. Chini ya lile jedwali kwenye simu kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Ulikuwa unahusu joto la maziwa. Sikuuelewa vizuri, na tena ulikuwa hautoshi kwenye ukurasa wangu. Ungeharibu mpangilio. Nikauacha.

Mwezi wangu wa kwanza nilifanya kosa. Nilipitisha mtungi wa maziwa yaliyoanza kuchacha kwa sababu niliona haya kumuuliza mtu kama harufu ile ni ya kawaida. Tangi zima likaharibika. Mnakumbuka. Meneja alinisimamisha hapo uani, mkiwa hapa, akasema, "Hapa hatutaki mtu wa kubahatisha." Hakunitukana, lakini mimi nilisikia kama nimevuliwa nguo. Nilijifunza kitu siku ile, na nilijifunza vibaya. Ningeweza kujifunza kuuliza. Nilichojifunza ni kwamba heri nirudishe mitungi kumi mizuri kuliko kupitisha mmoja mbaya. Tangu siku hiyo nilianza kuwaangalia watu kabla ya kuangalia maziwa.

Kuna mama mmoja ambaye boma lake limepakana na kituo. Ua wa michongoma tu ndio unaotutenganisha. Asubuhi nikifungua dirisha nilikuwa namsikia akikamua, maziwa yakigonga ndoo, na kabla sijamaliza kufunga vifungo vya koti yuko mbele yangu na mtungi wake. Kila siku yeye wa kwanza. Wengine wenu mnatoka mbali, mnafika na maziwa yamekwisha kupigwa na baridi ya asubuhi njiani. Yeye anatembea hatua hamsini.

Nilitumbukiza laktomita. Ikazama mpaka ishirini na tano. Nilikuwa nimeambiwa chini ya ishirini na saba ni maji.

"Mama, haya maziwa yana maji," nikamwambia.

Akacheka. Alidhani natania. "Maji? Mwanangu, hayo maji nitayatoa wapi? Jana nimekaa kwa foleni ya bomba tangu saa nne, nikarudi na mtungi mmoja tu. Niyapate kwa shida hivyo halafu nikuletee wewe kwa maziwa? Kwani niko na wazimu?"

Foleni yote ikacheka. Nyinyi mlikuwa mnacheka naye, sasa naelewa. Wakati ule masikio yangu yalisikia mnanicheka mimi.

Mwenzangu wa mizani alikuwa karibu. Ni mtu mzima, amekaa kituoni kabla ya tangi hili kuletwa. Alikuwa ananiita Daktari kwa ajili ya koti langu. Alisogea akasema polepole, ili watu wasisikie, "Daktari, acha yapoe kwanza. Maziwa yakitoka tu kwa ng'ombe huwa yanadanganya hicho kijiti."

Sikumwuliza anamaanisha nini. Nilijua wametoka kijiji kimoja na yule mama. Nikaona anataka kunichelewesha nisahau. Nikasema kwa sauti, ili watu wasikie, "Hapa tunapima, hatupiki." Mkacheka tena, safari hii upande wangu. Nilifurahi, msinione vibaya, nilifurahi sana.

Basi kuanzia hapo macho yangu yalikuwa yamekwisha hukumu. Mama alikuja mapema, nikasema anakimbilia kupimwa kabla sijaamka vizuri. Mtungi wake ulikuwa na unyevu nje kwa sababu anaupangusa kwa kitambaa kibichi, nikasema si unaona, ameshika maji sasa hivi. Aliniangalia machoni, nikasema ana ujasiri wa mwizi. Aliangalia chini, nikasema anaona aibu.

Halafu kulikuwa na siku mbili alichelewa. Alikuwa amempeleka mjukuu wake kliniki mjini, maziwa yakakaa mpaka saa nne. Siku hizo mbili laktomita ilisoma ishirini na nane na nusu. Maziwa safi kabisa. Ndugu zangu, mtu mwenye akili tulivu angejiuliza. Mimi nilimwambia karani wetu, "Umeona? Akiogopa anaacha." Ushahidi wa kumtoa kosani nilikuwa nao mkononi, nikautumia kumfunga.

Mara ya tatu kumrudishia maziwa katika juma moja, nilichukua chaki nyekundu. Ule ubao pale ukutani ulikuwa wa kutangaza siku za chanjo. Nilifuta chanjo. Niliandika MAZIWA YA MAJI, na chini yake majina yake yote matatu na nambari yake ya uanachama. Nilitumia rula. Niliandika, nikarudi nyuma kutazama kama mistari imenyooka, nikafuta herufi moja nikaiandika upya.

Alikuja asubuhi yake akauona. Alisoma akifuata kwa kidole hewani, neno kwa neno. Alipomaliza jina lake akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akasema, "Umeandika vizuri. Herufi zako ni safi." Akaokota mtungi wake, akarudi kwake kwa zile hatua hamsini. Hakuja tena.

Siku ile mwenzangu wa mizani alichukua kitambaa akaanza kuelekea ubaoni. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Nafuta aibu." Nilimkataza. Jioni ile ile niliandika barua kwa meneja, kurasa mbili, kwamba huyu mtu anapendelea watu wa kijiji chake na anaingilia vipimo. Ilikuwa barua safi, yenye vichwa vya habari. Meneja aliiamini kwa sababu ilikuwa safi. Mzee akaondolewa kwa mizani, akapelekwa nyuma kuosha mitungi. Kutoka siku hiyo hakuniita tena Daktari. Alianza kuniita Madam.

Aliyewekwa kwa mizani akawa msichana mgeni. Kila nilichosema alijibu, "Sawa, Madam." Hakuna ubishi, hakuna kuchelewa. Niliona kituo kimenyooka. Mpaka siku moja nilivaa koti langu ndani nje. Mishono yote nje, lebo imesimama shingoni. Nilipima maziwa ya watu wote hivyo, nikazunguka uani, nikaenda kwa meneja nikarudi, mpaka saa sita nilipolivua. Watu wote waliliona. Hakuna hata mmoja aliyeniambia. Nyinyi wengine mlikuwa kwa foleni, msikatae, naona mnacheka sasa. Chekeni. Mimi siku ile nililia chooni, na hata hivyo sikuelewa ni kwa nini mtu hakusema. Nilidhani ni chuki. Kumbe ni masomo. Nilikuwa nimewafundisha, na walikuwa wameelewa vizuri.

Sasa nifike mahali penyewe. Kwetu ni upande wa Kithimani. Mwisho wa mwezi nilienda nyumbani, na kwa vile mimi ni mtu wa kuogopa, nilibeba laktomita nikafanye mazoezi. Mama yangu ana ng'ombe mmoja. Jumamosi asubuhi nilikamua mimi mwenyewe, maana nilitaka kila kitu kiwe sawa. Ndoo niliisafisha mimi nikaianika juani mpaka ikakauka. Nikatia maziwa kwenye jagi, povu likiwa bado juu, nikatumbukiza.

Ishirini na tano.

Nikarudia. Ishirini na tano.

Mnajua nilifanya nini? Mimi niliyekamua kwa mikono yangu hii, nilinyanyua macho nikamwangalia mama yangu mzazi. Nikamwuliza, "Mwaitu, umetia kitu kwa ndoo?"

Alikuwa amesimama na kikombe, anasubiri maziwa ya chai. "Nimetia nini?"

"Maji."

"Wewe si ndiye ulikuwa umeshika ndoo?"

"Ndiyo, lakini nilipoinuka kufunga ndama..."

"Mwanangu," akasema, "ni nani amekufundisha kuniangalia hivyo?"

Niliacha jagi pale kwenye benchi, nikaenda nikakaa nyuma ya nyumba. Mama alipika chai yake bila kuniita. Niliporudi baada ya muda mrefu, jagi lilikuwa limepoa. Ile laktomita niliyoiacha ndani ilikuwa imepanda yenyewe. Ishirini na nane.

Hakuna aliyekuwa ameligusa. Maziwa ni yale yale.

Nilitoa simu nikatafuta lile jedwali, nikalishusha mpaka chini, kwenye ule mstari niliouacha. Ulikuwa unasema maziwa yenye joto ni mepesi, kwa hiyo kijiti huzama zaidi ya inavyofaa, na kwa hiyo upime joto kwanza na urekebishe nambari, au usubiri yapoe. Hayo tu. Kipimajoto tulikuwa nacho kituoni. Kilikuwa kwenye droo yangu, ndani ya boksi lake, sijawahi kukifungua. Na yule mzee wa mizani alikuwa ameniambia jambo hilo hilo kwa maneno manne. Acha yapoe kwanza, Daktari.

Mama wa jirani alirudishiwa maziwa yake kwa sababu boma lake lilikuwa karibu. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikimbia siku hiyo hiyo nikapiga magoti. Sikukimbia. Jumatatu nilifika kituoni mapema kuliko wote, nikafuta ubao. Nikaandika tena siku za chanjo kwa chaki nyeupe. Nikaanza kuacha mitungi yenye joto ikae kando kidogo kabla ya kupima, na mtu akiuliza nasema ni utaratibu mpya. Nilijiambia nimerekebisha. Nilikaa hivyo majuma matatu. Kwa hayo majuma matatu nalaumika zaidi kuliko yale ya mwanzo, kwa sababu mwanzoni nilikuwa sijui.

Kila asubuhi nilimsikia akikamua ng'ambo ya michongoma. Halafu kimya. Sikuwa najua yale maziwa yanaenda wapi.

Siku moja nilishindwa. Nilienda nyuma, mzee alikuwa ameinama ndani ya mtungi na brashi. Nikamwambia kila kitu: joto, jedwali, mstari, mama yangu. Hakuacha kusugua.

"Nilijua," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatoa kichwa ndani ya mtungi. "Nilisema siku moja, Madam. Nikapewa brashi."

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema, "Unajua nyumba yake. Ni hatua hamsini." Halafu, nikiwa bado nimesimama pale kama nguzo, akaweka brashi chini. "Ngoja ninawe. Twende."

Yule mama alitupa viti. Nilimwambia yote, hata ile rula nilimwambia. Alikuwa amekaa na mikono yake juu ya magoti. Nilipomaliza alinieleza yaliyompata, bila kupandisha sauti. Hoteli ya chai iliyokuwa ikichukua maziwa yake ya jioni iliacha. Majirani waliacha. Maziwa mengine aliyarudishia ndama. Yule mtamba aliyekuwa anamtunza aje kuwa ng'ombe wake wa pili, alimuuza. Na mlipokutana hapa mara ya mwisho, nyinyi ambao siku zote mlikunywa chai ya maziwa yake, mtu alileta maziwa ya paketi. Hakuna aliyemwambia kitu. Mliacha tu kumletea sufuria ya kutilia maziwa.

Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Nimekusikia," akasema. "Lakini hukuniandika hapa kwangu. Uliniandika kwa watu. Basi kaseme huko kwa watu."

Nikamwambia nitasema. Nitasimama kwenye mkutano nitaje jina lake niseme hana kosa.

"Hapana," akasema. "Jina langu limetajwa vya kutosha. Taja lako."

Nyumba ile mgeni haondoki bila chai, nyinyi mnaijua. Mimi niliondoka bila chai, na ilikuwa haki.

Siku iliyofuata nilimwambia meneja. Nilidhani atanifukuza, nikawa nimekunja koti kabisa kwenye mfuko. Akasema na yeye aliamini barua kwa sababu ilikuwa na mwandiko mzuri, na kwamba siku ile ya tangi alinikemea mbele ya watu akanifundisha kuogopa, hilo ni lake. Mzee amerudi kwa mizani. Mama wa jirani amerudishwa kwenye orodha ya wanaoleta maziwa. Mtamba hajarudi, na sina namna ya kumrudisha, na sitasema kitu cha kulainisha hapo.

Namshukuru mama yangu, aliyeniuliza swali moja ambalo bado sijalijibu. Namshukuru mzee wa mizani, aliyenawa mikono akanisindikiza mahali ambapo mimi ndiye niliyestahili kwenda peke yangu. Juzi nilikuwa nasoma nambari, akapita nyuma yangu akasema, "Daktari, kola." Ilikuwa imekunjika. Hamjui nilivyofurahi. Meneja, ni muvea, asante. Na zaidi ya wote namshukuru yeye aliyekataa msamaha wa bei rahisi.

Kama kuna kitu cha kuwaachia, ni hiki, na nakisema kama mtu aliyekipata kwa gharama ya mwingine. Kazini watu hawajifunzi kwa yale tunayobandika ukutani. Wanajifunza kwa uso wetu siku wanapotuambia tumekosea. Uso wangu uliwafundisha kunyamaza, nikabaki peke yangu na kijiti cha kioo, nikikiamini kwa sababu hakinijibu. Sasa pale dirishani kuna kipimajoto kimening'inia kwa kamba. Mfugaji yeyote anaweza kukishika akasoma mwenyewe kabla yangu. Mkiona nimekosea, semeni. Nitakunja uso kwanza, bado sijapona kabisa. Semeni tu.

Chai mtakayokunywa leo tukimaliza, maziwa yake nimeyapima mara mbili: yalipofika yakiwa na joto, na yalipopoa. Nambari zote mbili nimeziandika pale ubaoni. Nimeandika kwa haraka, mistari imepinda. Someni wenyewe.

Hakukuwa na maji kwenye maziwa yale niliyoyarudisha, siku hata moja. Kosa lilikuwa la mpimaji. Mpimaji ni mimi. Naitwa Ndinda.